KATA KWANZA, PAMBA BAADAYE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii huijia akili yangu kila ninapotazama video za harusi, za michango na za kuwaaga wanafunzi wa Kidato cha Nne hapa kwetu. Picha moja haijamaliza kusema lake, mara inakunjwa kama karatasi. Nyingine inaingia ikizunguka kama pia. Maandishi yanadondoka kutoka juu, nyota zinamwagika, mioyo miekundu inapepea. Ukimaliza kutazama unakumbuka nyota tu. Bibi harusi alivaa nini? Mzee alisema nini? Hujui.

Tangu chama chetu kianze kurekodi mashairi na mijadala, wenzangu wamekuwa wakiniuliza, "We, unaweka vipi ile kitu ya picha kugeuka?" Jibu la swali hilo ni la dakika moja. Unashika mpito kwa kipanya, unauburuta, unauachilia mahali pake, basi. Swali lenye kazi ni hili: uweke wapi, na kwa nini? Katika makala haya nitaeleza mambo hayo mawili pamoja, manake kila mpito na kila pambo lina bei yake. Mtazamaji hulipa kwa sekunde zake, na anayezungumza hulipa kwa maneno yake.

MANENO YA KAZI NA PROGRAMU

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kwa maneno. Kipande ni video moja kama ilivyotoka kwenye rununu au kamera. Mkato ni pale kipande kimoja kinapokoma na kingine kuanza papo hapo, bila kitu katikati. Mpito ni namna yoyote ya kutoka kipande hiki hadi kile pole pole au kwa mapambo. Madoido ni mabadiliko yanayofanyiwa kipande chenyewe: rangi, mwanga, mwendo, ukungu na kadhalika.

Programu ninayoitumia mimi inaitwa OpenShot. Ilianzishwa mwaka wa 2008 na Mmarekani aitwaye Jonathan Thomas, na ni ya bure kabisa. Ukishaiweka kwenye tarakilishi haikudai bando ndipo ufanye kazi, na hilo si jambo dogo kwa mwanafunzi wa kutwa. Wakubwa wetu wengi walijifunzia kwa Movie Maker ya Microsoft, iliyotokea mwaka wa 2000, lakini kampuni hiyo iliacha kuitoa Januari 2017. Usijali. Programu hubadilika, kanuni hazibadiliki.

Ukifungua OpenShot utaona sehemu tatu. Juu kushoto ni ghala lako: vipande, orodha ya mipito na orodha ya madoido. Juu kulia ni kioo cha kutazamia. Chini ni mstari wa wakati, wenye njia zilizolala moja juu ya nyingine kama rafu za duka. Kipande kilicho njia ya juu hufunika picha ya kile kilicho chini. Shika hilo, tutalihitaji baadaye.

MKATO NDIO MAMA

Wengi wanaoanza huudharau mkato kwa sababu hauonekani. Kumbe hiyo ndiyo sifa yake! Tazama taarifa ya habari jioni ya leo, au filamu yoyote nzuri, uhesabu. Utapata mikato kwa mamia, na mipito ya mapambo pengine isifike mitano.

Tena mkato una nguvu za ajabu. Mfaransa Georges Méliès, aliyekuwa mfanya mazingaombwe, alisimulia kwamba mwaka wa 1896 kamera yake ilikwama alipokuwa akipiga picha za barabara jijini Paris. Alipoirekebisha na kuendelea, kisha akatazama filamu yake, aliona basi limegeuka ghafla kuwa gari la kubebea maiti. Hakuna kilichogeuka. Basi liliondoka, gari lile likaja pale pale, na mkato ukafanya uchawi.

Mrusi Lev Kuleshov naye, karibu na mwaka wa 1920, aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji mmoja na picha ya sahani ya supu, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na mapenzi, ilhali uso haukubadilika hata chembe. Maana ilitoka kwenye mpangilio.

Hapa pana onyo, ndugu msomaji. Kama Kuleshov aliweza kumpa mtu huzuni asiyokuwa nayo, mimi na wewe tunaweza kumpa mtu aibu asiyostahili. Chukua msichana anayekariri shairi jukwaani. Ukiweka baada yake kipande cha wanafunzi wanaocheka, kilichopigwa wakati mwingine kabisa, umemdhalilisha mbele ya shule nzima, na hakuna mtu aliyemcheka. Ndiyo maana mhariri wa video anahitaji kuwa mwaminifu kama mwandishi wa habari.

Ukate wapi basi? Kanuni tatu zinanitosha. Kwanza, kata wakati kuna tendo: mtu anapoketi, anapogeuka, anapotoa mkono kusalimia. Jicho la mtazamaji hufuata tendo, halioni kiungo. Pili, pembe ya kamera ibadilike vya kutosha. Ukiunganisha picha mbili za mtu aliyesimama mahali pamoja, zilizopigwa kutoka karibu pembe ile ile, ataonekana kama aliyerukishwa na jini. Tatu, usikate katikati ya pumzi ya msemaji. Mwache avute pumzi, ndipo ukate.

MIPITO MITATU INATOSHA

Orodha ya mipito ya OpenShot ni ndefu: miduara, mistari, mawimbi, mizunguko na mingineyo. Mingi kati ya hiyo, siri yake ni moja. Nyuma yake kuna picha isiyo na rangi, yenye nyeusi, nyeupe na kijivu. Programu huisoma picha hiyo kama ramani: sehemu zenye weusi au weupe fulani hubadilika kwanza, nyingine hufuata, mpaka picha yote imepita. Ramani ikiwa na duara, utaona duara likifunguka. Ikiwa na kijivu kinachokolea kutoka kushoto kwenda kulia, utaona picha ikipanguswa upande huo. Ukijua hili hutashangazwa na wingi wa mipito.

Mimi nashauri anayeanza ashike mitatu.

(a) Kuyeyuka. Picha ya kwanza inapungua huku ya pili ikiongezeka, mfano robo tatu kwa robo, kisha nusu kwa nusu. Katika OpenShot ukisogeza kipande mpaka kikalalia mwisho wa kingine katika njia moja, mpito huu hujitokeza wenyewe. Maana yake ni "muda umepita" au "tunakumbuka". Méliès aliutumia kuunganisha matukio katika filamu yake ya safari ya mwezini mwaka wa 1902, kwa hivyo si mambo ya tarakilishi hata kidogo.

(b) Kufifia hadi giza. Picha inazima pole pole kama koroboi inayoishiwa mafuta taa. Maana yake ni "sura imefungwa". Ukiutumia kila baada ya sekunde kumi utamfanya mtazamaji adhani video imekwisha, ainuke aende zake.

(c) Kupangusa. Picha mpya inaisukuma ya zamani kando. Maana yake ni "wakati huo huo, mahali pengine". Mjapani Akira Kurosawa aliupenda, nao umo katika filamu yake ya mamurai saba ya mwaka wa 1954. George Lucas akautumia katika Star Wars mwaka wa 1977. Wao waliutumia kwa mpango. Ukiuweka kati ya meza ya walimu na meza ya wazazi katika ukumbi ule ule, unakuwa kichekesho.

Sasa hesabu kidogo, kwa wale wanaodhani Hisabati haina kazi. Mpito wa kuyeyuka hula vipande vyote viwili, kwa sababu lazima vilaliane. Kipande cha sekunde 10 na kingine cha sekunde 8, ukiviunganisha kwa mpito wa sekunde 2, havileti sekunde 18 bali 16. Vipande 12 vya sekunde 5 kila kimoja ni dakika nzima. Weka mipito 11 ya sekunde moja moja, unabaki na sekunde 49. Sekunde 11 zimekwenda wapi? Zimeliwa. Ndiyo sababu watu hulalamika kwamba wimbo haulingani na picha, na ndiyo sababu mwisho wa maneno ya watu hupotea.

MPITO UNAPOKULA MANENO YA MTU

Nisije nikaonekana napiga domo tu, nitatoa mfano ninaoujua vizuri. Desemba 2022 mjomba wangu alioa. Babu, baba yake mama, alisimama akawabariki maharusi. Mpiga video mmoja alilipwa, na baadaye akaleta kazi yake kwenye flashi. Katika video hiyo babu anasikika kwa nusu dakika hivi. Halafu wimbo unapanda, picha inaingia mwendo wa pole, na mioyo miekundu inamfunika akiwa bado anasogeza midomo. Wakati huo hakuna aliyelalamika. Babu alikuwa hai, ukitaka maneno yake ungeenda tu kumwuliza.

Mwaka wa 2024 babu aliaga dunia. Ndipo mama alipotaka kumsikia tena, akaambulia mioyo na wimbo.

Bahati njema mjomba alikuwa amedai apewe vipande asili pia, na kazi ikaniangukia. "Usiniwekee maua," mama aliniambia. "Nataka kumsikia baba." Nikafungua kipande chenyewe. Kumbe babu alizungumza dakika 4 na sekunde 10! Kamera ilitingishika mara mbili, na mara moja mtu alipita mbele akamziba.

Hapa ndipo zile njia za mstari wa wakati zinapofaa. Sauti ya babu sikuigusa kabisa, niliiacha iende moja kwa moja chini. Pale penye kutingishika, kwenye njia ya juu niliweka nyanya akimsikiliza, kipande ambacho binamu yangu alikipiga kwa simu yake wakati ule ule wa baraka. Kipande hicho nilikinyamazisha sauti. Mtazamaji anamwona nyanya, anamsikia babu, kisha babu anarudi. Hakuna hata anayejua kwamba kulikuwa na doa hapo.

Mwishoni babu anawaambia maharusi wasikubali kulala wakiwa wamekasirikiana, hata ikibidi kuongea mpaka jogoo awike. Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa chini ya mioyo. Akishasema anatazama watu, anashika egemeo la kiti, anaketi. Niliacha sekunde tatu nzima za yeye kuketi, ndipo picha ikafifia hadi giza kwa sekunde mbili. Mipito niliyotumia katika video yote ni huo mmoja. Tulipoitazama nyumbani, mama hakusema kitu. Nyanya alisema, "Rudisha hapo anapoketi." Nikarudisha. Akasema nirudishe tena.

Funzo la kiufundi ni kwamba mpito uwekwe baada ya neno la mwisho, usiwekwe juu yake. Acha angalau sekunde mbili za ziada mwishoni mwa kila kipande, ili mpito ule ukimya badala ya kula maneno. Na unaporekodi, usikimbilie kuzima kamera mtu anapomaliza kusema. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo uzime.

MADOIDO: MENGINE DAWA, MENGINE MAPAMBO

Madoido nayagawa mafungu mawili. Dawa hutibu kipande kilicho kigonjwa. Mapambo hukipendezesha kilicho kizima. Anza na dawa.

Mwanga na ukolezi husaidia kipande kilichopigwa ndani ya darasa lenye giza. Ongeza kidogo kidogo. Ukizidisha, mashati meupe ya sare yatang'aa mpaka vifungo visionekane. Kitulizo husaidia kamera iliyotingishika, lakini hukata kingo za picha ili kupata nafasi ya kuisogeza, kwa hivyo aliye pembeni anaweza kupoteza sikio. Kuna pia doido la kugeuza sehemu ya picha kuwa viraka vya mraba. Hili litumie kuficha nambari ya gari au uso wa mtoto ambaye mzazi wake hajakubali aonyeshwe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na uso wake ni habari zake.

Mapambo nayo yana masharti. Ile ya kuondoa rangi ya kijani ili umweke mtu mbele ya bahari au mwezi ni tamu kweli, lakini tarakilishi haijui kitambaa wala sweta, inajua kijani tu. Wenye sare ya kijani wakisimama hapo watabaki vichwa vinavyoelea bila shingo wala kifua! Tafuta kitambaa cha rangi ambayo hakuna aliyeivaa.

Mwendo wa pole nao unataka maandalizi. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo kwa nusu, unabaki na picha 15 tofauti kwa kila sekunde, na mkimbiaji wako ataonekana akikwamakwama. Kama simu yako inaweza kupiga picha 60 kwa sekunde, iweke hivyo kabla ya mbio kuanza. Ukipunguza nusu bado utakuwa na 30.

Doido moja nakuomba uliogope: mwanga wa kumetameta haraka haraka. Kuna watu ambao mwanga wa namna hiyo huwaletea kifafa. Mnamo Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilimetameta rangi nyekundu na buluu, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini. Kanuni inayofuatwa siku hizi ni kutozidisha mimeto mitatu kwa sekunde moja. Kwangu mimi, hata huo mmoja sioni wa nini.

UTARATIBU WA KAZI

Ukitaka kazi yako ikae sawa, fuata hatua hizi:

1. Nakili vipande vyote katika folda moja na usivifute. Faili ya mradi ya OpenShot haibebi video zenyewe, inakumbuka tu zilipo. Ukichomoa flashi yenye vipande ukaenda nayo nyumbani, mradi utavitafuta usivipate.

2. Tazama kila kitu kwanza, ukiandika daftarini dakika na sekunde za mambo ya maana. Umeme ukipotea, daftari halizimi.

3. Panga vipande na uviunganishe kwa mikato mitupu. Usiguse mpito wowote.

4. Sikiliza ukiwa umefumba macho. Kama maneno yanaeleweka bila picha, uko njia njema. Wimbo uwe chini ya sauti ya msemaji, usiwe juu yake.

5. Sasa weka mipito. Kwa kila mmoja jiulize: unamwambia mtazamaji nini? Ukikosa jibu, uondoe.

6. Weka dawa panapouma, kisha pambo moja au mawili kama sherehe inataka.

7. Mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo kwenye shughuli. Akikuuliza "huyu alikuwa anasema nini?", rudi hatua ya tatu.

8. Toa faili ya mwisho ya MP4, na uache tarakilishi ifanye kazi bila kuisumbua. Kwa tarakilishi za umri mkubwa kama zetu za maabara, video ya dakika 10 inaweza kuchukua muda kuliko kipindi kizima.

TAMATI

Sisemi mapambo ni haramu. Video ya siku ya michezo inaweza kubeba kupangusa na mwendo wa pole, na watoto wa chekechea watafurahia nyota. Hata mchuzi hutiwa bizari. Ila bizari hutiwa juu ya nyama, na anayepika bizari tupu hana wageni wa kuwalisha.

Muhula ujao chama chetu kinanuia kuwarekodi wazee wa mtaa huu wakitega vitendawili na kusimulia ngano, kabla hatujasema "laiti ningalijua". Atakayeshika kamera na atakayeshika kipanya wote wanakaribishwa. Mkutano ni Ijumaa baada ya masomo, chumba cha maabara ya tarakilishi. Njoo na flashi yako, na kama una mzee nyumbani anayependa kusimulia, zungumza naye mapema.